Kila tumbo likiuma ni vidonda?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni mama lishe hapa Morogoro, nina miaka 41, huu mwaka wa nne nasumbuliwa na vidonda vya tumbo. Panaponiuma ni hapa kwenye chembe ya moyo, panawaka moto hasa usiku, na tumbo linajaa gesi mpaka naona aibu mbele ya wateja. Nimepima damu mara tatu wanasema nina bakteria wa vidonda na mara zote tatu nimepewa dozi nimemaliza. Sasa hivi naishi na omeprazo ya kupunguza tindikali, pilipili na maharage nimeacha, kila usiku nakunywa maziwa ya kupoza tumbo. Jirani ananiambia niende kwa daktari bingwa nikamezeshwe mpira wa kamera, mwingine anasema ule mpira ndo unachokoza kidonda. Alafu sikufichi, mgongo unaniuma kwa kusimama jikoni, kwa hiyo kila jioni nameza diklopa moja, siku nyingine mbili. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na jiko. Hiyo diklopa umeitupia mwishoni kabisa kama vile haihusiki, mi nilivyosoma nikakwama hapo hapo. Tumbo lina tindikali kali na kinacholinda nyama yake ni ute, sasa diklofena (ndo iliyomo kwenye hiyo diklopa yako), ibuprofeni na aspirini zinapunguza zile kemikali ambazo mwili unazitumia kuutunza huo ute, kwa hiyo jioni unatoboa ukuta asubuhi unauziba kwa omeprazo, na hivyo ndo umeenda miaka minne. Na usije ukaambiwa uchome sindano badala ya kumeza eti haipiti tumboni, dawa inaingia kwenye damu inalifikia tumbo vile vile. Acha leo. Kwa maumivu tumia parasetamo bila kuzidisha kipimo, na mgongo wenyewe uende ukaangaliwe, huo nao ni ugonjwa siyo uchovu tu.

Tuje kwenye vipimo. Kipimo cha damu kinatafuta kinga ambayo mwili uliitengeneza dhidi ya bakteria, na hiyo kinga inaweza kubaki kwenye damu miezi hata miaka baada ya bakteria wenyewe kufa, kwa hiyo inawezekana dozi ya kwanza ilishawaua na hizo mbili ulimeza bure, au labda hawakufa kabisa, damu haiwezi kukuambia. Kinachojibu ni kipimo cha choo, au cha pumzi pale kilipo. Ila na chenyewe kina masharti ambayo dirishani pa maabara mara nyingi huambiwi: omeprazo uwe umeacha wiki mbili, antibayotiki wiki nne, la sivyo kinaweza kusema huna wakati unao. Kiungulia kikikuzidi katika hizo wiki mbili tafuna vidonge vya magineziamu, hivyo havivurugi kipimo. Na hata ukikutwa nao, ujue watu wengi sana huku kwetu wanao tangu utotoni na hawaumwi chochote.

Pilipili unaionea. Zamani hata madaktari waliamini vidonda vinaletwa na mawazo na vyakula vikali, mpaka mwaka 1984 daktari mmoja wa Australia, Barry Marshall, alipokunywa hao bakteria mwenyewe akaugua uvimbe wa tumbo ndani ya siku chache (mi nisingethubutu), na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel. Kama pilipili inakuwasha iache, ila haikukupa kidonda. Maharage nayo hayaleti kidonda, yanaleta gesi kwa sababu kuna sukari ndani yake ambayo hatuwezi kuisaga ikabaki chakula cha bakteria wa utumbo mpana, ukiyaloweka usiku kucha na kumwaga yale maji inapungua. Maziwa sasa, hapo ndo nilipocheka kidogo samahani, mana watu wazima wengi Afrika hatusagi vizuri sukari ya maziwa, kwa hiyo inawezekana gesi unayoikimbia kwenye maharage unainywa kwenye glasi kila usiku. Jaribu wiki mbili bila maziwa uone.

Na bingwa ndiyo, nenda. Miaka minne, dozi tatu, umri umevuka 40, mi naona inatosha kuombewa rufaa. Mpira hauchokozi kitu, unalala na njaa, asubuhi unapuliziwa dawa ya ganzi kooni, wanaangalia dakika chache na wakikuta pa kutilia shaka wanakata kinyama kidogo cha kupima. Utakereka, utacheua, basi. Huenda wakakuta kidonda, huenda wasikute hata kimoja ikawa ni tindikali inapanda juu, au mawe kwenye nyongo, maana magonjwa mengi yanauma hapo hapo kwenye chembe ya moyo na sisi yote tunayaita vidonda.

Ila kuna mambo hayangoji rufaa, siku hiyo hiyo unakimbilia hospitali: choo cheusi kama lami kinachonuka vibaya (kama humezi vidonge vya kuongeza damu, navyo vinakifanya cheusi), kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au maumivu ya ghafla tumbo likawa gumu kama ubao. Na mtu mzima anayesema chembe inabana huku anatoka jasho na pumzi inakata, huyo msimpe dawa ya kiungulia, inaweza kuwa moyo.

SWALI: Dokta habari. Baba yangu ana miaka 58, yupo Rombo. Tangu mwezi wa tatu ugali unamkwama kifuani anausukuma na maji, sasa anakunywa uji na mtori tu, amekonda suruali zote zinamvuka. Duka la dawa wamempa dawa za vidonda mara mbili. Tuongeze dozi?

JIBU: Hapana kijana wangu, msiongeze. Kidonda cha tumbo kwa kawaida hakizuii ugali kupita. Chakula kinachoanza kukwama kigumu, kinafuata kilaini, na mtu anakonda, lazima iangaliwe kwanza kama ni saratani ya koo la chakula, ambayo upande wetu huu kuanzia Ethiopia kushuka Kenya, Tanzania mpaka Malawi na kusini ipo kwa wingi kuliko sehemu nyingi duniani. Inaweza kuwa kitu kingine, kuna kovu, kuna misuli ya chini ya hilo koo isiyofunguka, lakini vyote vinajulikana kwa kamera ile ile na kila wiki mnayosubiri ina gharama. Hospitali ya KCMC hapo Moshi siyo mbali, mpelekeni wiki hii. Na mkifika msianze kusema "mzee ana vidonda", mtapewa omeprazo mrudi nyumbani. Semeni ugali ulianza kukwama mwezi wa tatu, sasa hivi ni uji tu, na kilo zimepungua, alafu ulizeni kamera ni lini.