Kichwa kikubwa na masikio marefu: pima kwanza, hedifoni baadaye

Mkuu, umeuliza hedifoni gani itakufaa ukiwa na kichwa cha sentimita 62, masikio marefu, miwani, na kazi ya kuhariri vipindi vya sauti saa tano sita kwa siku hapo Moshi. Wadau waliotangulia wamekutajia chapa. Shida ni kwamba mzunguko wa kichwa, ile namba ya kununulia kofia, kwenye hedifoni hausemi mengi. Mtu anaweza kufika 62 kwa sababu ya paji na kisogo tu, lakini kutoka sikio hadi sikio akawa wa kawaida. Mwingine ana 58 na hapati upinde (ile sehemu ya juu inayopita utosini) unaomfika.

Azima futi ya fundi cherehani na rula, upime vitu vinne. Kwanza, weka mwanzo wa futi kwenye tundu la sikio moja, pitisha utosini, shuka hadi tundu la pili. Wengi huwa kwenye sentimita 35 au 36. Ukipita 38, hedifoni nyingi zitakugomea. Pima na nywele zako za kila siku: mwenye dredi, rasta za kusuka, kilemba au hijabu apime juu ya hivyo hivyo, maana sentimita mbili za nywele ni sentimita mbili za upinde. Pili, upana: bana kichwa kati ya vitabu viwili vigumu juu kidogo ya masikio, upime nafasi kati yake. Karibu 15 ni kawaida, 16.5 kwenda juu utabanwa na karibu kila kitu kipya. Tatu, urefu wa sikio kutoka ncha ya juu hadi mwisho wa ndewe, na upana wake. Nne, ambacho karibu hakuna anayekipima: sikio limechomoza kiasi gani. Simamisha rula kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio na usome hadi ukingo wa nje.

(Masikio pia hayatulii. Kipimo kilichochapishwa Uingereza mwaka 1995 kilipata kwamba hurefuka kwa wastani wa milimita 0.22 kwa mwaka. Mzee wa miaka 65 anayelalamika kwamba hedifoni za zamani zilimkaa vizuri zaidi huenda hadanganyi.)

Ukifika dukani, vuta reli zote mbili (zile sehemu za kurefusha upinde) hadi mwisho, kisha pitisha uzi ndani ya upinde kutoka katikati ya kikombe kimoja hadi cha pili. Uzi uzidi kipimo chako kwa sentimita moja au zaidi. Ikifika kamili bila ziada, usichukue: reli iliyovutwa hadi mwisho ndiyo sehemu dhaifu, na hapo ndipo hedifoni za plastiki za watu wenye vichwa vikubwa hukatikia. Kwenye mito inayokaa kuzunguka masikio, pima tundu la ndani. Picha za mtandaoni huonyesha ukubwa wa nje, na kuta za mto hula sentimita moja na nusu hadi mbili kila upande. Halafu chomeka rula ndani ya tundu hadi kwenye kitambaa cha spika, na usome tena huku umebonyeza mto kwa vidole, kwa sababu kichwa chako kitafanya hivyo hivyo. Mto wenye kina cha milimita 20 ukiwa mezani unaweza kubaki 13 ukiwa kichwani.

Kama tayari unayo na inauma, mahali na muda wa maumivu vitakuambia kasoro iko wapi. Utosi ukiuma baada ya saa moja, ni uzito au upinde mwembamba. Utosi ukiuma ndani ya dakika tano, upinde ni mfupi: vikombe vinaning'inia juu na kuvuta chini, na ukipapasa chini ya ndewe utakuta mwanya. Panja na taya zikichoka, ni mbano. Ukingo wa sikio ukiwaka moto, tundu la mto ni dogo na sikio limekunjwa. Lakini ukihisi kidonda sehemu moja tu, kwenye ule mkunjo ulioinuka katikati ya sikio, kwa kawaida baada ya nusu saa, shida ni kina kifupi cha mto. Sikio linagusa kitambaa kilichofunika spika, na nyuma yake kuna plastiki ngumu. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wakihisi maumivu haya hukimbilia kununua hedifoni "kubwa zaidi", wakaletewa kikombe kipana chenye kina kilekile.

Sasa marekebisho. Mbano ndio rahisi. Kama upinde una chuma ndani, iache usiku kucha ikiwa imevalishwa rundo la vitabu lililo pana kuliko kichwa chako kwa sentimita mbili hivi. Asubuhi jaribu, rudia ikibidi. Kwa zile ambazo reli ikivutwa chuma huonekana, unaweza kukinyoosha kwa mikono, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Ukizidisha, vikombe havitashika na besi itapotea. Upinde wa plastiki tupu usiukunje kwa nguvu wala kuupasha moto. Na kiungo kikishavunjika, gundi ya supa haikai, kwa sababu pale panapinda kila unapovaa. Fundi akuwekee kibati chembamba na skrubu mbili.

Kina kinahitaji utundu zaidi, na hapa ndipo pesa nyingi huokolewa. Vua mto. Mingi ina mkunjo wa ngozi unaovalishwa kwenye ukingo wa kikombe. Ndani ya mkunjo huo, zungusha kamba laini ya unene wa milimita 5 au 6: ule mpira wa sponji wa kuzuia vumbi mlangoni unafaa kabisa. Rudisha mto. Umeinua sikio kutoka kwenye spika bila kununua chochote. Kama sikio lako limechomoza upande wa nyuma tu, na wengi ndivyo walivyo, weka kamba nusu ya nyuma peke yake ili mto uwe na mwinamo kama sikio lenyewe. Angalia mambo mawili. Kila milimita unayoongeza inatanua upinde, kwa hiyo mbano utapanda. Legeza upinde kwanza. Na spika ikisogea mbali, sauti hubadilika, hasa besi na sauti za juu. Wewe unayehariri sikiliza tena kipindi unachokifahamu kabla ya kugusa mipangilio.

Ukiamua kushonesha mito mipya, mpelekee fundi wa viti vya magari ule wa zamani kama kielelezo, umwambie tundu liongezwe mpaka lipite sikio lako kwa milimita tano kila upande, mradi ukuta usipungue sentimita moja. Kataa sponji ya godoro. Ni laini siku ya kwanza, baada ya wiki chache imelala na sikio limerudi kwenye plastiki. Ngozi laini inapatikana kwa kuchagua koti la ngozi la mtumba pale soko la Memorial. Mikono ya koti moja inatosha mito kadhaa. Mshono ukae ukingoni, kwa nje, kwa sababu kila tundu la sindano linaloingia upande wa ndani linavujisha hewa, na kwenye hedifoni iliyofungwa hewa ikivuja besi huondoka nayo. Hata mkono wa miwani hufanya hivyo; fremu yenye mikono myembamba inapunguza.

Kuna ushauri maarufu wa kufunga mkanda wa ngozi chini ya upinde ili kutandaza uzito. Unafanya kazi vizuri, fundi viatu yeyote atakukatia wa upana wa sentimita 4. Lakini mkanda unakaa chini ya upinde, yaani unakula urefu uleule ambao sisi wenye vichwa vikubwa hatuna. Fanya hivyo ikiwa uzi ulionyesha ziada ya sentimita tatu au nne, si chini ya hapo.

Kwa modeli nitasema kwa kifupi. Philips SHP9500 ina vikombe vikubwa na mbano mdogo, vichwa vipana huipenda. Ni ya wazi, yaani vikombe vyake havijazibwa nyuma, na ina omu 32 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; zikiwa nyingi, simu huzidiwa), kwa hiyo inaendeshwa na simu. Sennheiser HD 600 ina mito mirefu ya umbo la yai inayomeza sikio zima, gramu 260, lakini ikiwa mpya hubana kweli, na omu 300 zinadai amplifaya. HD 560S ni nyepesi kidogo, gramu 240, omu 120. Zote hizi tatu huvujisha sauti; ukirekodi ukiwa nazo, maikrofoni itaisikia. Kwa kurekodi chukua ya kufungwa kama Beyerdynamic DT 770 Pro: upinde wa chuma unaonyooka na mito inayobadilishika, mara nyingi ya velveti. Mito yake ni ya duara, kwa hiyo sikio refu kupita kiasi hujikunja juu na chini, jaribu kwanza. Chukua ya omu 32 au 80 kama unachomeka kwenye laptopu, ya 250 iache. Audio-Technica ATH-M50x ni nzuri kwa kazi ila mito yake ni midogo, bajeti mito mingine mara moja. Sony WH-1000XM4 ni nyepesi, gramu 254, lakini kina ni kifupi kwa masikio yaliyochomoza. AirPods Max ina karibu gramu 385. Kwa saa sita, hapana. AKG K240 ina mkanda unaojirekebisha kwa lastiki: kwenye kichwa kikubwa lastiki haipumziki, inavuta vikombe juu muda wote.

Ukikuta mojawapo kwa bei ya ajabu Kariakoo au Barabara ya Sokoine, kumbuka vipimo vya mtandaoni ni vya kifaa halisi. Feki haina wajibu wa kufuata urefu wa upinde wala kina. Uzi na rula viwe mfukoni.

Kwa joto la Moshi, velveti au kitambaa kuliko ngozi bandia. Ngozi bandia huchubuka kwa jasho na kuacha vipande vyeusi masikioni, na ukiifuta kwa spiriti unaiharakisha. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha. Arusha mwezi wa saba hakuna atakayelalamika kuhusu ngozi. Velveti hupitisha hewa, kwa hiyo besi hupungua kidogo na kelele za nje huingia.

Kuna mdau aliuliza kuhusu babu yake mwenye ndewe zilizotogwa na kuvutwa. Mto unaokaa juu ya ndewe ndefu utauma na hautaziba. Ndewe ikunjwe juu ya sikio kama wazee wenyewe wanavyofanya wakiwa safarini, halafu avae hedifoni ya kina kirefu. Au aachane na upinde wa juu, achukue za kupitisha mtetemo kwenye mfupa, ambazo hukaa mbele ya sikio na waya wake huzunguka kisogoni. Shokz OpenRun ina saizi mbili. Kichwa kikubwa kichukue Standard, maana Mini huvuta vitetemeshi nyuma na sauti hufifia.

Mkuu, weka hapa vipimo vyako vinne na picha ya mto wa hedifoni uliyonayo sasa, rula ikiwa ndani ya tundu. Kama kina kinakaribia milimita 18, anza na kamba ya mlangoni kabla hujatoa hata mia.