Kwa nini gari la 1910 linakataliwa London hadi Brighton

Umeuliza klabu za magari ya kale zilianzia wapi Uingereza, na kwa nini gari la 1910 halikubaliwi kwenye msafara wa magari ya kale wa London hadi Brighton, mji wa pwani. Majibu yanakwenda pamoja.

Tarehe 14 Novemba 1896 wenye magari waliendesha hadi Brighton kushangilia sheria mpya: kikomo cha kasi kilipandishwa kutoka maili 4 kwa saa hadi 14, na sharti la kuwa na mtu wa kutangulia gari kwa miguu likaondolewa. Msafara ukafufuliwa 1927, na baada ya ule wa 1930 washiriki wachache wakaanzisha Veteran Car Club huko huko Brighton. Msafara unapokea magari yaliyotengenezwa kabla ya 1905 tu. Klabu yenyewe inapokea magari yaliyotengenezwa hadi 1918, kwa hiyo gari lako la 1910 klabuni linaingia, msafarani haliingii.

Kazi ya klabu hiyo niipendayo ni kuthibitisha umri wa magari. Kila mtu anatamani gari lake liwe la 1904 (bei inavyopanda hapo, we acha tu!), basi wanakagua chasisi, injini, giaboksi, ndipo watoe cheti. Maneno ya mwenye gari hayatoshi.

Mwaka 1934 ikaja Vintage Sports-Car Club, ya wapenzi wasio na fedha nyingi. Wao kikomo chao cha mwaka wa kutengenezwa gari ni 1930, kwa kuamini kwamba baada ya hapo viwanda vilianza kulipua kazi.