Maswali na majibu: Mikutano ya kanda ya viongozi wa huduma na walimu wa shule za Biblia

Tangu mvua zikatike, maswali mengi yanayotufikia kutoka Masasi, Newala, Nachingwea na Lindi yanahusu mikutano ya kanda ya kuwafundisha wachungaji, wainjilisti na walimu wa shule za Biblia. Tumechagua machache, nayo tumeyafupisha.

Mwaka jana tuliitisha mkutano wa kanda mwezi wa Novemba, na hata nusu ya walioalikwa hawakufika. Barua zilitumwa mapema na chakula kilikuwepo. Tulikosea wapi? (Mzee wa kanisa, Nachingwea)

Mlikosea mwezi. Mwalimu wa shule ya Biblia katika mikoa yetu miwili, Lindi na Mtwara, kwa kawaida ni mkulima, na mwezi wa Novemba mkulima huyo yuko chini ya mikorosho akiokota, au yuko kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika akisubiri mzigo wake upimwe, na hakuna barua ya askofu itakayomwondoa hapo kabla mnada wa korosho haujapita na fedha hazijaingia. Baada ya hapo mvua huanza, na kuanzia Desemba hadi Aprili mtu anayetoka kijiji kilicho mbali na lami hawezi kuahidi siku ya kufika. Hata Mei si ya kuaminiwa sana: wasomaji wanakumbuka jinsi kimbunga Hidaya kilivyopita Mei 2024, na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, magari yakabaki pande zote mbili. Juni na Julai wengi wanapulizia mikorosho salfa, kazi inayoanza alfajiri na isiyongoja, na likizo za shule ndizo familia nyingi huzitumia kuwapeleka vijana jandoni.

Kwa maoni yangu zinabaki wiki za kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba, baada ya kupulizia na kabla ya kuokota. Wageni wapokelewe Jumatatu jioni na waagwe Ijumaa asubuhi, ili mchungaji asiikose ibada ya Jumapili kwake. Angalieni pia mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka hurudi nyuma kwa takribani siku kumi na moja. Pale ambapo majirani zenu wengi wamefunga, masufuria ya mchana yanayochemka mbele ya barabara hayaleti ujirani mwema, na kanisa la pwani haliishi peke yake.

Kila mwaliko unapofika, anayetumwa ni mwenyekiti wa baraza, yule yule. Sisi tunaofundisha madarasa tunabaki. Tufanyeje bila kuleta ugomvi? (Mwalimu wa shule ya Biblia, Newala)

Ugomvi huu hutokana na barua yenyewe ya mwaliko. Waandaaji wakiandika “kiongozi mmoja kutoka kila kanisa”, atakuja mwenye cheo, wala msimlaumu, kwa sababu ndivyo alivyoitwa. Barua iseme kwamba anatakiwa mtu anayefundisha darasa sasa hivi na atakayeendelea kulifundisha mwaka mzima ujao, na itaje darasa hilo. Mwenyekiti aalikwe siku ya kwanza tu, aelezwe mkutano unataka nini kwa kanisa lake, kwa kuwa asipoelewa, mwalimu atakaporudi na jambo jipya huyo huyo ndiye atakayelizuia.

Ila kumtuma mtu anayestahili hakutoshi kama mkutano wenyewe ni wa kusikiliza hotuba kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwalimu hufunzwa kwa kufundisha mbele ya watu wanaoweza kumsahihisha. Nilikaa nyuma ya darasa moja la namna hiyo wilayani Lindi, washiriki wakiwa wamegeuka wanafunzi na mmoja wao akifundisha sura ya kwanza ya kitabu cha Ruthu. Alikuwa ameinakili kwenye daftari habari ndefu ya nchi ya Moabu, akaisoma bila kuinua macho, na watu wakaanza kusinzia. Mwezeshaji alimwomba kwa upole afunge daftari na aulize swali moja tu: Naomi alirudi Bethlehemu kwa sababu gani? Mama mmoja akajibu kwamba alisikia huko kwao chakula kimepatikana, na kwamba mtu aliyehama kwa njaa husikiliza sana habari za namna hiyo. Kuanzia hapo darasa halikuhitaji kuchochewa. Kila mmoja alikuwa na la kusema, na daftari likabaki limefungwa hadi mwisho wa kipindi. Nusu saa kama ile, ikifuatwa na maneno ya kweli ya wenzake, humfaa mwalimu kuliko hotuba tatu nzuri.

Hata hivyo siku nne hazimtengenezi mwalimu. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasema kwamba Paulo alihojiana na watu kila siku katika shule ya Tirano kule Efeso kwa muda wa miaka miwili, na hiyo ndiyo kazi iliyoeneza neno katika Asia. Kwa hiyo kabla washiriki hawajapanda magari, walimu wa vijiji vinavyokaribiana wapangiwe mahali pa kukutana kila mwezi, wakiwa na somo moja walilolitayarisha, na mmoja wao akiwa mwangalizi. Mafunzo ya theolojia kwa enezi yalianza kwa sababu kama hii: mwaka 1963 seminari ya Wapresbiteri nchini Guatemala ilianza kuwafuata wanafunzi waliko, kwa kuwa watu waliokuwa tayari wakiongoza makanisa ya vijijini hawakuweza kuacha familia na riziki zao kwenda kukaa chuoni.

Rafiki zetu wa Marekani wanataka kuja kufundisha mkutano mzima kwa Kiingereza. Je, tukubali? (Katibu wa kanda, Masasi)

Kubalini sehemu. Somo la saa moja kupitia mkalimani ni somo la nusu saa, tena mkalimani asiyeijua theolojia hurusha maneno ambayo mgeni hakuyasema. Mwombeni mgeni atume masomo yake mapema, mkalimani ayasome na kuuliza, kisha mgeni afundishe asubuhi na mwalimu wa hapa aendeshe mazoezi ya mchana kwa Kiswahili. Ulizeni pia Uhamiaji mapema ni kibali gani kinachomfaa mtu anayekuja kufundisha, maana viza ya utalii si ya kazi hiyo.

Masasi hasa haina sababu ya kudhani kwamba elimu lazima iletwe na mgeni. Misheni ya Kianglikana ya mwaka 1876 ilianza na watu waliokombolewa kutoka utumwani, waliosafiri pamoja na Askofu Steere kutoka Zanzibar, na kutoka katika kundi la waliokombolewa alipatikana Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri mwaka 1890 na kuhudumu miaka mingi Chitangali. Mwafrika alikuwa akifundisha na kuongoza huku kusini kabla ya Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, kujenga misheni ya Ndanda.

Mimi ndiye ninayefundisha darasa la Biblia, lakini mwaliko huja kwa jina la mume wangu, mwinjilisti. (Mama, Mtama)

Mama, mwandikie mratibu wa kanda, ikiwezekana barua hiyo itiwe sahihi na mumeo pia. Apolo, aliyekuwa hodari katika Maandiko, alielezwa njia ya Mungu kwa usahihi zaidi na Priskila na Akila, mke na mume. Waandaaji nao waweke mahali pa akina mama kulala penye mlango unaofungwa, na mtu wa kushika watoto wachanga wakati wa vipindi. Bila hayo, mwaliko wa akina mama ni wa karatasi tu.

Je, cheti cha mkutano wa kanda kinanifanya mchungaji? (Kijana, Ruangwa)

Hapana. Ni cheti cha mahudhurio. Kutawazwa ni uamuzi wa kanisa lako, na tuzo ya kitaaluma hutolewa na chuo kilichosajiliwa na mamlaka ya serikali: kwa vyuo vya kati ni NACTVET, na kwa vyuo vikuu ni TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Mtu akikuuzia shahada ya theolojia baada ya siku nne, mkimbie.

Washiriki wanadai posho. Tuwalipe? (Mweka hazina, Mtwara)

Rudisheni nauli kwa tiketi, mlisheni kila mmoja vizuri, na mseme mapema kwenye barua kwamba posho haipo. Kanisa linalomtuma lichangie kitu, hata kama ni debe la mahindi au mihogo mikavu, kwa kuwa kanisa lililotoa chake humuuliza mjumbe wake amerudi na nini. Asiye na nauli kabisa atumiwe kabla ya safari, kwa siri, kwenye simu yake.