i7 ya mwaka gani?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina steshenari ndogo hapa Nachingwea. Nachapa barua, nasaidia watu kujaza fomu za mtandaoni, na msimu wa korosho ukifika nachapa orodha za malipo za chama cha msingi. Kompyuta yangu mpakato ni Core i5-6300U, RAM GB 4, diski ya kawaida ya GB 500, Windows 10. Nikiiwasha naweza kwenda kununua vocha nikarudi bado haijatulia. Muuzaji wa Mtwara mjini ana i7 iliyotumika Ulaya, anataka laki sita na nusu, anasema ndiyo prosesa ya kisasa. Fundi wa hapa anasema nimpe laki mbili anibadilishie prosesa tu, aweke i7. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada yangu, usimsikilize hata mmoja.

Huyo fundi kwanza. Prosesa ya mashine yako, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote, haikuchomekwa, imechomelewa kwenye bodi, na mipakato yenye prosesa za Intel karibu yote kuanzia kizazi cha tano, yaani toleo la tano, imetengenezwa hivyo. Kuing'oa kunataka mashine maalumu ya joto, mkono uliozoea, na prosesa nyingine ambayo bodi hiyo itaikubali. Kwa laki mbili hupati hayo. Utapata bodi iliyoungua, au kompyuta yako ileile imebandikwa stika ya i7. Zote mbili zimeshaletwa mezani kwangu, na mwenye mali huwa haamini mpaka nimwonyeshe kwenye kioo.

Sasa hiyo i7. Hukunitajia namba yake kamili, na nahisi muuzaji naye hakukutajia. Hapo ndipo watu wanapoliwa kila pesa za mnada zinapoingia. Mtu anatoka Liwale, anatoka Tandahimba, ameshika hela, anauliza swali moja tu: "Ni i7?" Anajibiwa ndiyo, analipa.

Saba hiyo ni daraja ndani ya kizazi chake, basi. Wewe unaandika malipo ya korosho, utanielewa: daraja la kwanza la msimu wa juzi, lililokaa ghalani, haliuzwi kwa bei ya daraja la kwanza la msimu huu. Soma tarakimu zinazofuata kistari: ya kwanza ndiyo kizazi, na ikiwa ni 1, soma mbili za kwanza. Yako ni i5-6300U, kwa hiyo ni kizazi cha sita, cha mwaka 2015. Kama ya muuzaji ni i7-6600U, ni kizazi hichohicho: viini viwili (sehemu zinazogawana kazi ndani ya prosesa) kama yako, kasi imeongezwa kidogo. Halafu tazama i5-8250U ya mwaka 2017, "tano" tu, ina viini vinne. Na i3-1215U ya mwaka 2022, ambayo wanunuzi wanaibeza kwa sababu ya ile tatu, ina viini sita. Kwa kazi yako, i3 hiyo itaiacha mbali i7 ya kizazi cha sita.

Tena kinachokuchelewesha si prosesa. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance. Nina hakika utakuta diski imefika asilimia 100 na prosesa inapumzika. Diski ya kuzunguka kama yako inasoma kama MB 100 kwa sekunde mambo yakienda vizuri. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, ile ya kawaida ya waya wa SATA, inafika 500, na kwenye kutafuta mafaili madogomadogo, ambayo ndiyo kazi kubwa wakati wa kuwaka, tofauti ni kubwa kuliko hapo. Weka SSD ya GB 256, ongeza RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ifike GB 8. Kabla ya kununua RAM, fungua uone iliyomo ni DDR3L au DDR4, kwa sababu kizazi cha sita kinatumia zote na moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Na feni isafishwe vumbi, na dawa ya joto iliyo juu ya prosesa nayo ibadilishwe. Prosesa ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe, na kwa jua la huku kwetu i7 yenye feni iliyoziba inatambaa kama zote.

Sababu ya kweli ya kubadili mashine ipo, ila si ile uliyoambiwa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana, pamoja na TPM 2.0, kitengo cha usalama ndani ya mashine. Yako haifiki, na i7-6600U haifiki pia! Kwa hiyo ungetoa laki sita na nusu ukabaki palepale. Wapo wanaokwepa masharti hayo na kukuwekea Windows 11 kwa nguvu. Inawaka, ndiyo, lakini Microsoft haikuahidi masasisho ya usalama kwa mashine ya namna hiyo, na wewe unashika namba za NIDA na akaunti za benki za wakulima.

Kwa hiyo SSD na RAM zikuvushe msimu huu, na uiandikishe Windows 10 kwenye masasisho ya nyongeza ya usalama, yanayofika Oktoba 2026. Ukishajipanga, tafuta i5 ya kizazi cha nane au zaidi, au hiyo i3 ya kumi na mbili, yenye SSD tayari. Core Ultra, prosesa mpya za Intel zenye kitengo cha akili bandia, waachie wenye kazi hiyo. Fomu za mikopo hazikihitaji.

Shule na vyama vya msingi vinavyonunua kwa mkupuo, haya yanawahusu zaidi, kwa sababu mnaagiza kumi kwa simu na kuletewa makasha. Andikeni kwenye oda namba kamili ya prosesa, kwa mfano i5-8350U, msiandike "Core i5". Mzigo ukifika, washeni kila moja, andikeni dxdiag kwenye sehemu ya kutafutia, msome jina la prosesa na kiasi cha RAM mbele ya aliyeleta, kabla ya kusaini. Stika ya nje msiisome kabisa. Zinauzwa kwa karatasi nzima.