Kwa nini CRP yako ilipanda: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba homa imekuachia. Umeniuliza kwa nini CRP yako, yaani ile protini ya damu inayopanda mwili unapopambana na maambukizi au jeraha, iliyokuwa miligramu 160 kwa lita siku ulipogundulika kuwa na nimonia, ilifika 190 kesho yake ilhali umeshaanza dawa na unajisikia nafuu. Na kwa nini mumeo, ambaye ni mzima, alikutwa na 3 badala ya sifuri.

La mkwe wangu ni jepesi. Protini hiyo hutengenezwa na ini, na mtu mwenye afya huwa nayo kidogo tu, kwa kawaida chini ya 5, ingawa sigara, unene na ujauzito huweza kuipandisha kiasi bila maambukizi yoyote. Hiyo 3 haina neno.

La kwako lataka maelezo zaidi. Bakteria wanapovamia mapafu, seli za kinga hutoa intalukini-6, kemikali ya kupeleka ujumbe mwilini, ambayo ikifika kwenye ini huliamuru lizalishe CRP kwa wingi. Kiwango huanza kupanda baada ya saa 6 hadi 8 hivi na hufika kilele baada ya takriban saa 48. Kichocheo kikikoma, hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Wewe ulipimwa ugonjwa ukiwa bado mchanga, kwa hiyo kipimo cha pili kilikuta ini likitekeleza amri iliyotolewa kabla dawa haijawazidi nguvu bakteria. Usidhani dawa ilishindwa.

Tena protini hii ilijulikana kupitia ugonjwa huu huu. Mwaka 1930, William Tillett na Thomas Francis, wakifanya kazi New York, waliona kwamba seramu (majimaji ya damu yasiyo na chembe zake) ya wagonjwa wa nimonia iliganda chembechembe ilipochanganywa na kabohaidreti itokayo kwenye bakteria wa nimonia, na kwamba mgonjwa alipopona hali hiyo ilitoweka.

Hata hivyo, CRP haimtaji mvamizi: kifua kikuu, baridi yabisi, hata upasuaji huipandisha. Ndiyo sababu baadhi ya madaktari hupima pia prokalsitonini, protini nyingine ya damu, ambayo kwa mtu mzima wa afya huwa chini ya nanogramu 0.1 kwa mililita, na ambayo hupanda zaidi kwa bakteria kuliko kwa virusi. Nayo huweza kupotosha, na kwa sababu hiyo nakusihi usikatishe dozi kwa kutazama karatasi ya maabara peke yake.

Kipimo ninachokingojea mimi ni cha siku ya nne. Kama CRP haitakuwa imeshuka walau kwa nusu, mwulize daktari kama kuna usaha uliojikusanya kando ya pafu, au kama bakteria hao ni sugu kwa dawa unayotumia. Na pumzi ikianza kukubana kabla ya siku hiyo, nenda hospitali mara moja bila kusubiri kipimo chochote.

Ni mimi mama yako.