Isome hati yako ya mshahara kuanzia juu

Siku moja niliomba taarifa ya michango yangu kwenye mfuko wa pensheni. Kwenye hati za mshahara makato yalikuwepo kila mwezi bila kukosa. Kwenye taarifa ya mfuko, miezi mitano ilikuwa mitupu. Mwajiri wangu wa wakati ule alikuwa anakata, halafu anakaa na fedha.

Kilichoniokoa ni hati zenyewe. Nilikuwa nimezitunza zote kwenye bahasha, nikatoa nakala za ile miezi mitano na kumpelekea mhasibu pamoja na barua fupi. Michango ililipwa. Mwenzangu mmoja aliyekuwa akizitupa alihangaika zaidi, na iliniuma kumwona anavyohangaika kwa jasho lake mwenyewe.

Wengi wetu tunatupia jicho mstari wa chini tu, ule wa fedha inayoingia benki. Anza juu. Pale kuna mshahara ghafi: mshahara wa msingi, posho, saa za ziada. Chini yake yanakuja makato ya lazima, yaani kodi ya mapato, pensheni na pengine bima ya afya. Mwisho kuna yale uliyoyakubali mwenyewe kwa saini yako: mkopo, akiba ya ushirika, ada ya chama. Haya ya mwisho yakague kila mwezi, maana mkopo ukiisha makato yanaweza kuendelea mpaka mtu ayasimamishe.

Kodi ndiyo inayowachanganya watu, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Chukua mfano wa kubuni. Mshahara ghafi ni 1,000,000, na pensheni ni asilimia 10, yaani 100,000. Katika nchi nyingi mchango huo hutolewa kwanza, kisha kodi inapigwa kwenye kinachobaki, hapa 900,000. Tuseme 300,000 za kwanza hazitozwi kitu, 300,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 10, na 300,000 za mwisho asilimia 20. Kodi ni 30,000 jumlisha 60,000, yaani 90,000. Unabaki na 810,000.

Sasa umeongezwa 100,000, na kila kinachozidi 900,000 kinatozwa asilimia 30. Nimewasikia watu wakikataa saa za ziada wakiamini kwamba kuingia daraja hilo kutawapunguzia mshahara wote. Si kweli. Pensheni inachukua 10,000 ya nyongeza, zinabaki 90,000, na hizo peke yake ndizo zinazotozwa asilimia 30, yaani 27,000. Mkononi unaongeza 63,000. Zile 900,000 za awali haziguswi na kiwango kipya.

Ukilipwa malimbikizo ya miezi kadhaa kwa mkupuo, kodi ya mwezi huo inaweza kupanda ghafla. Uliza kama itasawazishwa mwisho wa mwaka.

Kukatiwa kodi kabla mshahara haujakufikia si jambo la kale sana. Marekani ilianza kuwakata wafanyakazi wake kwa jumla mwaka 1943, Uingereza 1944, katikati ya vita, serikali zikihitaji fedha kila siku ya malipo badala ya kungoja mwaka uishe. Tangu hapo mwajiri amekuwa tarishi wa fedha hizi. Anakata kwako, anapeleka kunakohusika. Ndiyo maana unayo haki ya kumuuliza kama zimefika, na usione haya kuuliza.

Mimi sasa naomba taarifa ya mfuko kila baada ya miezi mitatu, naiweka mezani kando ya hati za mshahara, na kuweka alama ya vema mwezi kwa mwezi. Jina na namba ya uanachama navyo navisoma herufi kwa herufi, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa mchango wako unaweza kuingia kwenye akaunti ya mtu mwingine. Kazi yote ni dakika kumi. Mwezi ukikosa alama, naandika barua wiki hiyohiyo.