Maswali ya Wasomaji: Hasira ya Dukani, Upole wa Kujilazimisha na Uongo wa Mtoto

Barua tatu za mwezi huu zimetoka kisiwani Lamu.

SWALI: Nina duka la vyakula kwenye njia ya Usita wa Mui. Mtu akija kukopa na deni la zamani hajalipa, nampigia kelele mpaka wapita njia wanasimama. Usiku najuta, asubuhi narudia yale yale. Mzee mmoja barazani kaniambia nisijisumbue, tabia ni ngozi. Ni kweli?
*Muuzaji, Langoni*

JIBU: Mzee wako ana nusu ya ukweli. Imam Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliwajibu waliosema hivyo hivyo zama zake: kama tabia haibadiliki, basi mawaidha na malezi ni kazi bure, na mbona farasi mkaidi hufunzwa akatulia? Akatoa mfano wa kokwa ya tende. Kokwa si mtende, lakini ukiipanda na kuihudumia itakuwa mtende. Mtufaha haitakuwa hata ufanyeje. Kwa hiyo usiombe hasira ikutoke kabisa. Asiye na hasira hata chembe hawezi kulinda mali yake wala nyumba yake. Kinachofunzika ni itoke lini na kwa kiasi gani.

Tabia, kwa maelezo yake, ni hali iliyokita nafsini ambayo matendo hutoka kwayo kwa wepesi, bila kufikiri. Hapo kwenye kutofikiri ndipo ilipo kazi yako. Wewe unafikiri usiku, na kelele hutoka mchana. Majuto yako ni ile nafsi lawama iliyotajwa katika Suratul Qiyama, nayo ni dalili njema, ila majuto yana hila yake: humpa mtu raha ya kuona ameshalipa, akalala.

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Baada ya Isha keti na daftari dogo, si lile la madeni, kwa dakika tano. Tumesema keti, anayejihesabu kitandani hulala kabla hajafika alasiri. Kila ugomvi uandikie mstari mmoja: saa ngapi, nani alikuwepo, nini kilitangulia. Usiandike “mimi mbaya” wala “yule hana haya”. Hizo ni hukumu, na hukumu haikuonyeshi pa kushika. Huenda ukakuta ugomvi mwingi umerundikana saa moja, tuseme saa tisa alasiri, hujala, na aliyekuletea unga ametoka sasa hivi kudai pesa zake. Ikiwa ni hivyo, nusu ya dawa ni chakula cha mchana, na hatuoni aibu kulisema hilo kwenye ukurasa wa mambo ya roho.

Wiki ya pili chagua hali moja tu. Kabla ya kufungua mlango wa duka, wekeana sharti na nafsi yako kwa maneno kamili: “Mwenye deni akiomba kukopa, nitakaa kwanza, nitafungua daftari, nimwonyeshe jumla yake, nimwambie jibu ni kesho asubuhi.” Sharti la “leo nitakuwa mpole” halifai kitu, kwa sababu halisemi mkono ufanye nini. Huko kukaa nako si pambo. Hadithi aliyoipokea Abu Daud inamwagiza aliyekasirika akiwa amesimama akae, na hasira isipomwondoka alale. Aliyesimama yuko tayari kurusha mkono na kupaza sauti. Aliyekaa hana budi ainuke kwanza. Weka kigoda nyuma ya kaunta, pale pale unapohudumia. Kikiwa stoo hutakifuata.

Ukivunja sharti, jitoze siku ile ile. Shilingi 50 kwenye sanduku la sadaka zinatosha kwa mwenye duka dogo. Shilingi 5 haziumi. Shilingi 1,000 utazilipa mara mbili, ya tatu utajidai umesahau, na ukiacha kulipa utaliacha na daftari. Na uliyemkemea mbele ya watu, mwombe radhi mbele ya watu. Usita wa Mui ni mwembamba, kelele zako zimesikika mpaka duka la nne, na radhi ya kunong’ona haiwafikii waliosikia.

Wengi huharibikiwa pale mambo yanapoanza kutulia. Mtu huona ameweza, akataka aache na uvivu, na umbeya, na miraa, vyote kwa mpigo, na baada ya siku chache hajaacha hata kimoja. Usiongeze. Baki na hali hiyo moja mpaka ujikute umeketi kabla hujakumbuka sharti.

SWALI: Naishi nyumba moja na mawifi zangu. Wakiniudhi nawajibu kwa upole, lakini moyoni nachemka. Shoga yangu asema huo ni unafiki, afadhali niwape yao. Nifanyeje?
*Mama wa nyumbani, Shela*

JIBU: Shoga yako amechanganya mambo mawili. Mnafiki huonyesha kitu asichokitaka. Wewe, dada, unaonyesha kitu unachokitafuta na hujakipata. Ghazali alimwagiza bakhili ajilazimishe kutoa mpaka kutoa kuwe kwepesi kwake, na Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, zaidi ya miaka 1,300 kabla yake, alisema mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu. Mwanzo wa kila tabia njema ni kujilazimisha, na moyo ndio unaofika mwisho.

Lakini jipime. Ukishawajibu kwa upole, wampigia simu mamako ukawachambua mmoja mmoja? Basi upole ule ni wa kuonekana, yaani ria, na simu ile ndiyo inayochochea moto kila jioni. Anza na simu. Tena upole si kunyamaza. Kama kuna jambo la kweli, mathalani zamu ya jiko au pesa za maji, liseme: jambo moja, mchana, kwa mhusika peke yake, watoto wasiwepo. Anayekaa kimya miezi mitatu hafugi subira, anafuga kinyongo, na siku kitakapofumka hakitataja maji wala jiko.

SWALI: Mwanangu wa miaka saba ana uongo. Nimemchapa, hakuacha.
*Baba, Mkomani*

JIBU: Mara nyingi mtoto wa umri huo hudanganya kwa kuogopa, na fimbo humzidishia kile kile anachokikimbia. Acha kumuuliza swali ambalo jibu unalo. “Nani kavunja gilasi?” ni mtego, sema “gilasi imevunjika, lete ufagio.” Akikiri, adhabu iwe nyepesi kuliko ya aliyeficha, tena aijue mapema: aliyekiri hufagia tu, aliyeficha hufagia na kukosa mpira jioni ile.

Halafu jiangalie wewe, baba. Mdai akibisha hodi, umepata kumtuma mtoto aseme “baba hayupo”? Imepokewa kwamba mama mmoja alimwita mwanawe, “njoo nikupe.” Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Akaambiwa, lau asingempa kitu angeandikiwa uongo. Mdai mwingine akija, toka mwenyewe mlangoni, mtoto akiwa karibu, umwambie siku utakayolipa.